Dagaa Si Mtoto wa Sangara

Mchana mmoja jijini Mwanza nilifika nyumbani kwa binamu yangu bila taarifa. Nilipopiga hodi nikasikia sufuria ikiburutwa sakafuni, kisha mlango ukafunguliwa. Watoto wawili walikuwa wamekaa mkekani, tonge mkononi, na mbele yao ugali mtupu. Mboga ilikuwa imesukumwa chini ya meza: dagaa wa kuungwa kwa nyanya na kitunguu, mvuke ungali unapanda. "Shemeji, ungetupigia simu tungetafuta hata sangara," alisema mke wa binamu yangu, macho yakitazama chini. Nilinawa, nikaketi na watoto, nikaomba sufuria irudi mahali pake.

Aibu ile haikuwa yake peke yake. Ukizunguka Ziwa Victoria utaikuta kila ufukwe. Kisumu dagaa wanaitwa omena, Uganda wanaitwa mukene. Na kote huko sangara, ambaye Wakenya humwita mbuta na Waganda mputa, ndiye samaki wa mgeni. Aibu hiyo inalishwa na madai niliyoyasikia sokoni, kwenye daladala, hata kwenye foleni ya kliniki ya watoto. Mengine yanamdhalilisha dagaa, mengine yanamsingizia sangara, na yapo hata yanayomsifu dagaa kupita kiasi. Nitayachukua moja baada ya jingine. Simchukii sangara; namla na nitaendelea kumla. Ninachokipinga ni mazoea ya kupima samaki kwa urefu na bei, wakati mwili unapima kitu kimoja tu: kile kilichofika tumboni.

Dai la kwanza: "Dagaa ni watoto wa samaki wakubwa, hawajakomaa, hawana kitu"

Hapana. Dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki kamili mwenye jina lake la kisayansi, Rastrineobola argentea. Akifika sentimita nne au tano, urefu wa kidole kidogo cha mkono, amekwisha kukomaa na anataga mayai. Hata akiishi hadi mwisho wa umri wake hafiki sentimita kumi. Sangara, Lates niloticus, ni ukoo mwingine kabisa. Huyo anaweza kukaribia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200.

Na kama ni suala la nani mwenyeji, dagaa ndiye mwenyeji. Sangara aliletwa ziwani na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipozidi kuongezeka, hasa miaka ya 1980, aliwala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, hadi mamia ya aina zao yakatoweka au kubaki machache mno. Dagaa alisalia kwa sababu anazaliana haraka kuliko anavyoliwa. Leo ndiye anayeongoza kwa uzito wa samaki wanaovuliwa katika ziwa hilo, ingawa sangara ndiye anayeingiza fedha nyingi za kigeni.

Kuna chembe moja ya kweli ndani ya dai hili. Wavu wenye macho madogo ukivutwa karibu na ufukwe huzoa pia vifaranga vya sangara na sato. Hilo ni kosa la uvuvi na linapaswa kukomeshwa, lakini halimgeuzi dagaa kuwa kifaranga. Pia tukumbuke kwamba "dagaa" ni jina la samaki wengi. Wa Kigoma ni wa Ziwa Tanganyika, na wa Pwani na Zanzibar ni samaki wa bahari. Hapa ninazungumzia zaidi wa Ziwa Victoria.

Dai la pili: "Protini iko kwenye mnofu mnene, dagaa ni wa kusindikiza ugali tu"

Gramu 100 za mnofu mbichi wa sangara zina protini ya gramu 18 hadi 20 hivi. Gramu 100 za dagaa wabichi, waliotoka ziwani asubuhi hiyo, zina kiasi kinachokaribiana na hicho. Ubora wake pia unalingana, kwani samaki wote wawili wana asidi amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe. Kwa protini, basi, hakuna mshindi.

Hapo ndipo watetezi wa dagaa nao huteleza. Utawasikia wakisema dagaa ana protini mara tatu ya sangara. Wamechukua dagaa mkavu wakamlinganisha na sangara mbichi. Samaki mbichi ana maji kama robo tatu ya uzito wake. Akianikwa, maji yanaondoka na kilichobaki kinajikusanya. Ndiyo maana gramu 100 za dagaa wakavu hufikisha protini ya gramu 50 hadi 60 na zaidi. Mkaushe sangara naye, tarakimu zake zitapanda vilevile. Anayetaka kulinganisha kwa haki alinganishe mbichi na mbichi, mkavu na mkavu.

Lakini kwa mama anayepanga mlo, ukavu huo una faida ya kweli. Gramu 30 za dagaa wakavu, kiganja kimoja kilichojaa, zinakaribia kulingana kwa protini na kipande cha gramu 90 cha mnofu mbichi wa sangara. Kiganja hicho hakihitaji jokofu, hakihitaji barafu, na kinapimwa kwa kikombe au kisado kadiri ya mfuko wa mnunuzi. Kipande cha sangara kinahitaji kupikwa leo.

Dai la tatu: "Mifupa ya dagaa inapita tu tumboni, haina faida"

Hili ndilo dai lenye madhara kuliko yote, kwa sababu linatupa kile kilicho bora zaidi.

Tofauti kubwa kati ya samaki hawa wawili haiko kwenye nyama. Iko kwenye namna tunavyowala. Sangara tunamla mnofu. Mifupa yake ni migumu na hubaki kandoni mwa sahani. Kiwandani ndiyo zaidi: baada ya minofu kukatwa kwa ajili ya soko la nje, zaidi ya nusu ya uzito wa samaki hubaki kama panki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mabaki yake. Dagaa analiwa mzima, kichwa, macho, miiba, utumbo na mkia. Na katika mwili wa samaki, kama katika mwili wa binadamu, kalsiamu imehifadhiwa kwenye mifupa.

Vipimo vya dagaa wakavu huonyesha kalsiamu zaidi ya miligramu 1,000 kwa kila gramu 100, na vingi hufika 2,000 na kuendelea. Mnofu wa sangara, uliotenganishwa na mfupa, una makumi tu ya miligramu. Tupige hesabu ya jikoni. Dagaa wakavu gramu 15, nusu ya kile kiganja chetu, wakiwa na kalsiamu ya kiwango hicho cha 2,000, wanampa mlaji miligramu 300. Hicho ni karibu sawa na glasi moja ya maziwa ya mililita 250. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku. Kwa nyumba isiyo na ng'ombe na isiyomudu maziwa kila asubuhi, hesabu hiyo si ndogo.

Je, mwili unaweza kuitumia kalsiamu ya miiba? Unaweza. Shakuntala Thilsted, mtaalamu wa lishe mzaliwa wa Trinidad, alitumia miaka mingi kuwachunguza samaki wadogo wa Bangladesh, akiwamo mmoja anayeitwa mola ambaye huliwa mzima kama dagaa wetu. Utafiti aliofanya na wenzake ulionyesha kwamba kalsiamu ya mifupa laini ya mola hufyonzwa mwilini kwa kiwango kinachokaribiana na ile ya maziwa. Kwa kazi yake hiyo juu ya samaki na lishe, mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Pamoja na kalsiamu, dagaa mzima analeta madini ya chuma na zinki kwa wingi kuliko mnofu mweupe wa sangara, na vitamini B12 ambayo haipatikani katika mahindi wala maharage. Chuma cha samaki hufyonzwa vizuri, tena huusaidia mwili kufyonza chuma cha mboga za majani zilizoliwa pamoja naye. Dagaa na mchicha katika mlo mmoja vinafaa kuliko kimoja kimoja.

Sasa angalia tunachofanya. Tunakaa na ungo mapajani, tunachambua dagaa mmoja mmoja, tunavunja vichwa na kutoa matumbo kwa sababu eti vinachachua mboga. Katika samaki wadogo, vitamini A hukaa hasa machoni na kwenye viungo vya ndani. Tukitupa kichwa na tumbo tumeitupa sehemu hiyo, na kalsiamu ya fuvu tumeitupa pia. Dagaa aliyechambuliwa amesogezwa karibu na mnofu wa sangara: nyama imebaki, sehemu ya hazina imekwenda jalalani. Ni kweli pia kwamba jua kali la mwanikoni huharibu sehemu kubwa ya vitamini A, kwa hiyo dagaa mkavu asitegemewe kwa vitamini hiyo peke yake. Mboga za majani, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vishike nafasi hiyo.

Na sangara asinyimwe haki yake. Mnofu wake usio na mwiba ni chakula chema kwa mzee asiye na meno na mgonjwa anayerudiwa na hamu ya kula. Supu ya kichwa chake ina ladha na ina nguvu, ila tusidhani imebeba kalsiamu ya mfupa wote. Mfupa usiotafunika hutoa sehemu ndogo tu ya madini yake kwenye mchuzi.

Dai la nne: "Sangara ana mafuta mengi, anaziba mishipa ya moyo"

Dai hili lina historia. Sangara alipoanza kujaa ziwani, wanawake waliozoea kuanika na kubanika furu na ngege, sato wa asili wa ziwa hilo, walikutana na samaki aliyedondosha mafuta motoni, asiyekauka juani. Sangara mkubwa kweli hujaza mafuta tumboni, na watu huyayeyusha wakapata ya kukaangia. Lakini mafuta ya tumboni si mafuta ya mnofu. Mnofu wa mgongoni una mafuta machache, mara nyingi chini ya gramu 5 kwa gramu 100, na sehemu ya mafuta hayo ni omega-3, aina ile ile inayosifiwa kwa afya ya moyo na ubongo. Kinachomwongezea mlaji mafuta ni kikaango: kipande kilichozama kwenye mafuta ya kukaangia yaliyotumika tangu juzi si samaki yule aliyetoka ziwani.

Dagaa naye ana omega-3, na akipikwa akiwa mbichi au akiwa amekaushwa karibuni anampa mlaji kiasi kizuri. Tatizo lake ni jua na muda. Mafuta hayo ni dhaifu. Yakikaa juani na hewani yanachacha. Ndiyo maana dagaa wazuri wanang'aa kama fedha na wananukia samaki, na waliochacha wanageuka rangi ya kahawia na kutoa harufu inayokwaruza koo. Macho na pua ya mnunuzi ni kipimo kizuri hapa.

Dai la tano: "Sangara ana zebaki, ni sumu, usimle kabisa"

Hofu hii haikutoka hewani. Kuna uchimbaji mdogo wa dhahabu katika Kanda ya Ziwa, ukiwemo ule wa Geita, ambako zebaki hutumika kukamatisha dhahabu. Zebaki iliyoingia majini hubadilishwa na vijidudu kuwa aina inayong'ang'ania mwilini. Viumbe vidogo vya majini huibeba, dagaa huwala hao, na sangara hula dagaa. Kila ngazi inakusanya ya ngazi iliyo chini yake. Tena dagaa anaishi muda mfupi, ilhali sangara mkubwa amekusanya kwa miaka mingi. Zebaki hiyo imejishika kwenye nyama yenyewe, kwa hiyo kuosha au kuchemsha hakuiondoi.

Hata hivyo, vipimo vilivyofanywa kwa sangara wa Ziwa Victoria vimeonyesha kwamba wengi wako chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo kinachotumika katika biashara ya kimataifa ya samaki. Kiasi hupanda kadiri samaki anavyokuwa mkubwa. Jibu sahihi basi si "usimle". Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wachague sangara wa ukubwa wa kati badala ya yule jitu anayebebwa na watu wawili, wasimle kila siku, na siku nyingine wale dagaa au sato. Anayeacha samaki wote kwa hofu ya zebaki anajinyima mengi ili kukwepa hatari ambayo ingepungua kwa kuchagua tu.

Dai la sita: "Dagaa ni wachafu, wamejaa mchanga"

Hapa walalamikaji wana haki, na aibu ni yetu sote tulio kwenye mnyororo huu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Mbalamwezi ikitanda wavuvi hupumzika, kwa sababu taa haiwavuti samaki. Alfajiri mzigo unafika ufukweni, na mahali pengi bado humwagwa moja kwa moja mchangani, penye mbuzi, kuku na nyayo za watu. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, wanaoza. Walioanikwa kwenye chanja, juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, wanakauka haraka kwa sababu hewa inapita pande zote, na hawana mchanga. Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, ambako magunia yanapakiwa kuelekea Kongo, Rwanda na Burundi.

Lakini mchanga ni kosa la mahali pa kuanika, si kosa la samaki, na jikoni una dawa. Loweka dagaa kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache. Wakoroge kwa mkono, kisha waokoe kwa vidole vilivyotanuliwa na uwahamishie kwenye chombo kingine. Usimwage maji pamoja nao, maana mchanga ulioshuka chini utawarudia. Rudia mara tatu, hadi sakafu ya chombo ibaki safi. Baada ya hapo wapike wapate moto wa kutosha, kwa sababu kuanika hakuui vijidudu vyote.

Dai la saba: "Dagaa wanapandisha presha na wanaleta gauti"

Tutenganishe mambo mawili. Presha hupandishwa na chumvi. Dagaa wengi wa Ziwa Victoria wanaanikwa bila chumvi, kwa hiyo chumvi ya mlo huo imetoka kwenye kijiko cha mpishi. Dagaa wa baharini, wengine huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hao waloweke na kumwaga maji, na usiongeze chumvi kabla hujaonja.

Kuhusu gauti, yaani jongo, dai lina ukweli. Samaki wadogo wanaoliwa wazima wana purini nyingi, na purini mwilini hugeuka asidi ya uriki, ile inayomchoma mgonjwa kwenye kidole gumba cha mguu. Mwenye ugonjwa huo apunguze dagaa na amsikilize daktari wake. Mnofu wa sangara kwa kiasi kidogo unaweza kumfaa zaidi. Mgonjwa wa figo naye aulize kwanza, kwa sababu mifupa ya dagaa ina fosforasi nyingi. Lakini ushauri wa mgonjwa usigeuzwe kuwa sheria ya nyumba nzima. Mtoto wa miaka mitatu hana gauti; ana mifupa inayojengwa.

Dai la nane: "Dagaa ni chakula cha maskini na cha kuku"

Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria kweli huishia kwenye chakula cha mifugo. Lakini tujiulize kwa nini. Mfugaji wa kuku wa mayai hanunui magunia ya dagaa kwa sababu hawana thamani. Ananunua kwa sababu kuku anahitaji protini ili atage na kalsiamu ili yai lipate ganda. Amefanya hesabu yake vizuri. Sisi ndio tunaomwachia kuku dagaa, kisha tunampa mtoto ugali kwa mchuzi wa nyanya tukingoja siku ya kumudu sangara.

Takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, yakiwamo maradhi, maji machafu na uchovu wa mama, na dagaa peke yake hataumaliza. Lakini mlo wa wanga mtupu ni mojawapo ya sababu hizo, na dagaa ni mojawapo ya kinga zilizo karibu mno na mkono wetu. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula, osha dagaa, wakaushe tena kwa moto mdogo bila mafuta, watwange au wasage pamoja na vichwa, chekecha, kisha changanya kijiko cha unga huo kwenye uji mzito na uuchemshe. Kwa wakubwa, waunge na nyanya, kamulia ndimu mwishoni ili isaidie ufyonzaji wa chuma, ongeza karanga au tui kama lipo.

Siku ile kwa binamu yangu, mtoto mdogo alikuwa amepanga vichwa vya dagaa kwenye ukingo wa bakuli, kimoja kimoja, macho yote yakitazama upande mmoja. Alikuwa ameambiwa vichwa haviliwi. Nilimweleza mama yake haya niliyoyaandika hapa, kwa maneno machache, tukiwa bado tunakula. Alinyamaza kidogo. Kisha akachukua kichwa kimoja kutoka kwenye safu ile, akakila, akasogeza bakuli karibu na mwanawe na kumwambia: "Na wewe kula, mwanangu. Usiache hata kimoja."